Kitanda cha Mume Wetu

Mjukuu wangu ana tabia moja iliyokuwa ikiniudhi. Ukimwonyesha kitu kilichoharibika, bomba linalovuja, ukuta uliopinda, hakigusi. Anatia mikono mfukoni na kukitazama tu, kama mgeni aliyekuja kuona mtoto mchanga bila zawadi. Nilikuwa namwambia, "Mke mwenzangu, hiyo digrii yako ulisomea kusimama?" Naye ananijibu, "Nilisomea kuzuia vitu visianguke, mke mkubwa. Na wewe usije ukaniangukia."

Ndivyo tunavyotaniana. Babu yake alikuwa mume wangu, kwa hiyo mume ni wetu sote wawili, hata kama mwenyewe alitangulia kaburini kabla huyu mke mdogo hajaota meno. Kazi yake ni uhandisi. Anapiga hesabu za nguzo na boriti ili majumba yasiwalalie watu.

Siku hiyo alikuja na nguo za kazini: viatu vizito, kizibao cha njano kinachowaka ukikimulika, na kofia ngumu kwapani. Hakuja kwa ajili yangu, asinidanganye. Alimfuata mjomba wake. Mwanangu huyo mtaa mzima unamwita Kifua, kwa sababu kifua chake hufika mahali kabla yake. Yeye anaishi juu na mimi chini. Alikuwa amepania kuubomoa ukuta wa kati, ule unaotenga sebule yangu na chumba cha mbele, apate nafasi ya duka. Nilimwambia sebule ni yangu. Akasema duka nalo litakuwa langu. Nikanyamaza, maana nilishajiona nyuma ya kaunta, napokea umbea wa mtaa mzima bila kutoka nyumbani.

Mjukuu akasimama mbele ya ule ukuta, mikono mfukoni. Akatazama juu, akashusha macho polepole mpaka sakafuni, akapanda tena. Fundi alikuwa pembeni na nyundo yake kubwa, anasubiri aambiwe.

"Mjomba, ukuta huu umebeba," mjukuu akasema. "Usiuguse mpaka tuweke nguzo."

"Umebeba nini? Umebeba picha ya babu yako na saa isiyotembea."

"Umekubeba wewe, na makabati yako, na tangi la maji juu ya paa. Ukiutoa, huo mzigo wote utatafuta mahali pengine pa kukaa."

"Sawa, mhandisi," Kifua akasema. "Sawa, sawa."

Mimi nimemzaa. Akikuambia sawa mara moja, kakubali. Akisema mara tatu, anakusubiri uondoke. Ningemwambia mjukuu hapo hapo, lakini kichwa changu kilikuwa kwenye shughuli nyingine. Nikamshika mkono nikamvuta stoo.

Stoo yangu iko mwisho wa ukuta ule ule, mlango wake wa chuma. Aliuweka marehemu baada ya watu kutuibia vitunguu. Ndani kuna dirisha moja dogo lenye nondo, linatazama uani. Dari yake ni fupi kwa sababu sakafu tuliinua, maji ya mvua yasiingie. Humo naweka kila kitu ambacho sikitumii na sitaki mwingine akitumie: kinu, ndoo zilizotoboka, baiskeli isiyo na magurudumu, magunia. Na nyuma ya magunia, kimefunguliwa vipande vipande, kitanda.

Nikaurudisha mlango nyuma yetu, maana Kifua anaamini kitanda kile ni urithi wake.

"Unaolewa," nikamwambia mjukuu. "Siwezi kukupa mume, mume wetu kafa. Nakupa kitanda chake."

Akacheka, akazipapasa mbavu za kile kitanda, zile mbao mbili ndefu za pembeni. Mti mgumu ule, mzito kama deni la jirani. "Bibi, hiki kitanda kinaweza kubeba daraja."

"Kimebeba zaidi ya daraja," nikasema. "Nitakuhadithia ukishaolewa."

Hapo ndipo tukasikia nyundo.

Baadaye Kifua aliapa kwamba alidhani tumetoka nje kupitia uani. Mlango wa stoo umefungwa, sauti zetu hazisikiki, basi, wanawake wamekwenda. Akamwambia Fundi, piga. Fundi akapiga. Matofali yakawa yanaanguka, na mjukuu alikuwa ameshageuka kuelekea mlangoni huku akipiga kelele, "Mjomba! Mjomba, acha!" lakini nani atasikia sauti ya mtu kwenye nyundo?

Kisha nyundo ikanyamaza yenyewe. Nikasikia mlio juu yetu, mzito, wa taratibu, kama mtu mnene anayejigeuza usingizini. Vumbi likamwagika. Juu ya mlango kitu kikapasuka, paa! Na mlango wangu wa chuma ukalia kwa sauti nyembamba, ukajikaza kwenye fremu yake ya mbao.

Huwa naufungua kwa nyonga. Nikausukuma. Ukanirudisha.

"Usiuguse, Bibi." Mjukuu alinishika kiuno akanivuta nyuma. Alikuwa ananong'ona, kana kwamba nyumba inatusikia. "Usiuguse kabisa."

"Mama!" Kifua huyo, upande wa pili. "Mama, uko wapi?"

"Niko stoo!"

"Unafanya nini stoo?"

"Nimekuja kufungwa!"

Akaushika mlango akautikisa. Juu yetu kikatoka kipande cha plasta kikubwa kama sinia, kikatua kwenye ndoo. Mjukuu akapiga ukelele ambao sikujua kama anao. "Mjomba, ondoa mkono! Ondoa mkono mlangoni!"

Akauachia. Mjukuu akanivika kofia yake ngumu. Nikamuuliza, na wewe? Akasema nywele zake zinatosha. Kisha akanionyesha kwa kidole, bila kugusa. Juu ya kila mlango kuna boriti fupi ya zege, mafundi wanaiita linta. Yangu ilikuwa imekatika katikati. Vipande vyake viwili vilikuwa vimeegemea juu ya fremu, na fremu imeuegemea mlango.

"Kwa hiyo mlango ndio umeshika nyumba?" nikauliza.

"Umeshika upande huu. Wakiuvunja, upande huu unashuka."

"Juu ya nani?"

Akainua macho darini. Nilikuwa nataka tu nione kama atanidanganya.

Sasa nikwambie hali ya mle ndani. Vumbi halikuwa na pa kwenda, likawa linaingia kwetu. Umeme walishauzima. Mwanga ulikuwa ule wa dirishani tu, na dirisha lenyewe nondo zake nilizipigania mwenyewe, nikamwambia fundi wa siku zile aziweke karibu karibu hata paka asipite. Paka hajapita. Kila nilipovuta pumzi niliona kama ukuta nao unavuta. Nikaanza kuongea, maana nikinyamaza nilikuwa naisikia nyumba. Nikasema habari za vitunguu, habari za mwizi, habari ya kibofu changu ambacho nacho kilikuwa kimechagua siku hiyo.

Na mjukuu wangu? Mikono mfukoni!

"Mwanangu, tunakufa umesimama?"

"Bibi, nikianza kushika kabla sijaona, nitashika kisichofaa." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, lakini niliona mfuko wa suruali unatetemeka. "Nipe muda. Nauliza swali moja tu. Mzigo unatoka wapi, unapita wapi, unafika vipi chini. Basi. Nikilijibu hilo, mengine yanafuata."

Lakini hakulijibu. Katikati ya dari kulikuwa na ufa mbaya, mpana, umejikunja kama nyoka. Macho yangu yaligandia hapo, na yake pia. Na uoga una mikono yake: mara nikaona ameshachomoa ubavu wa kitanda nyuma ya magunia, anauburuta, anataka kuusimamisha chini ya ule ufa. Ubao ukawa mfupi. Akauinua akaushikilia juu, mikono imenyooka, jasho linamtiririka, kana kwamba atabeba nyumba kwa kichwa. Kutoka nje Kifua alikuwa anapiga kelele kwamba analeta mtaimbo, lile chuma refu la kuvunjia miamba. Mjukuu naye anapiga kelele asilete. Vumbi linaanguka. Mimi namwita Mungu na marehemu kwa zamu.

Kisha akauweka ubao chini. Akafumba macho. Akarudisha mikono mfukoni, kwa nguvu, kama anayewafungia mbwa.

Alipofumbua aliuliza taratibu, "Bibi, ufa huu umeanza lini?"

"Huo? Huo ni mkubwa kuliko mama yako. Nimeupaka chokaa harusi mbili, kila harusi unarudi."

Akasogea, akautazama kwa karibu. Ndani ya ufa mlikuwa na chokaa na utando wa buibui. Akageuka akatazama juu ya mlango. Pale vumbi lilikuwa linadondoka mfululizo, jembamba, kama unga kwenye chekeche.

"Huu unatutisha tu," akasema. "Umekaa hivyo miaka yote. Kinachotembea ni kile." Akapumua kwa mara ya kwanza. "Nguzo inakaa pale, karibu na mlango, chini ya dari, nyuma ya linta. Ikishashika, mlango unapumzika. Halafu tunatoka dirishani, kwa msumeno, bila kugongagonga."

Nikasema alhamdulillahi, mke mwenzangu ana akili. Na hapo hapo tukasikia miguu juu yetu.

Kifua alikuwa ameita watu. Nusu ya mtaa. Watu wazuri wale, siwasemi vibaya, mtu akipatwa hawaulizi mara mbili. Walishapanda kwake juu, na shauri lao lilikuwa kutoboa sakafu kwa mtaimbo, wateremshe kamba, watuvute kama ndoo za kisimani. Kila aliyeingia kusaidia, vumbi la pale mlangoni likawa linaongezeka. Nikawaona kwa masikio: huyu ana viatu, huyu kandambili, huyu mnene.

"Shukeni!" mjukuu akapiga kelele. "Mjomba, washushe watu! Mnaongeza mzigo! Sakafu imebeba uzito wake na makabati yenu, huo ni mzigo mfu, umetulia. Nyinyi ni mzigo hai, mnatembea, mnaruka, shukeni!"

"Unasema nini?" Sauti ya Kifua ilitoka juu.

"Mzigo hai!"

"Ndiyo, tunajua mko hai! Vumilieni, tunakuja!"

Mtaimbo ukapiga sakafu mara moja. Fremu ya mlango ikapasuka kwa urefu, kama muwa. Mjukuu akakaa juu ya gunia. Akaanza kuhesabu kitu kwa vidole, akapotea, akaanza upya, akapotea. "Hawanisikii," akasema. "Bibi, nimeshapata jibu na hawanisikii." Machozi yakachora mistari kwenye vumbi la mashavu. Alikuwa na sura ile ile ya utotoni, siku aliyokwama kwenye pipa la maji akicheza kujificha, na sisi tunamtafuta nje.

Mimi sijui mambo ya mzigo. Ila waliokuwa juu nawajua. Nimewalea nusu yao, na mmoja nimemzaa. Najua ni maneno gani yakiingia masikioni mwao yatatangulia kwenye miguu kabla ya kufika kichwani.

Nikavuta pumzi, vumbi na yote.

"Kifua!" nikapiga ukelele. "Kifua mwanangu, niko uchi!"

Mtaimbo ukanyamaza.

"Mama?"

"Niko uchi wa mnyama! Nilikuwa nabadilisha nguo! Na kuna ufa hapa darini, nakuona! Nawaona wote! Wewe mwenye kandambili nyekundu, unachungulia nini? Unamchungulia mama wa mwenzako?"

Sikuona kandambili yoyote. Lakini mtu yeyote wa mtaa ule ana kandambili, na nyekundu ziliuzwa kwa wingi mwaka ule.

"Mama, sisi hatuchungulii…"

"Atakayebaki juu ya kichwa changu hapo, akaona alichokiona, mimi simsamehi! Na wewe uliyenyonya hapa, ukiufungua huo mlango ukaniona hivi, ziwa langu litakuuliza!"

Watu wanasema kundi la nyati likishtuka ardhi inatetemeka. Wale walishuka kama ukungu. Hakuna aliyekimbia, walinyata, kila mmoja anataka kuwa hakuwahi kuwepo. Nikasikia ngazi inalalamika, mlango wa juu ukafungwa. Vumbi la pale mlangoni likapungua, likawa nyuzi moja moja.

Mjukuu alikuwa amenitumbulia macho. Nilikuwa nimevaa gauni, juu yake kitenge, juu yake kitenge kingine cha kichwani, na kofia ngumu.

"Bibi," akasema, "mzigo hai wote umeondoka."

"Nimekupa nafasi. Sasa fanya kazi, mke mdogo. Uongo wangu hauna nguzo."

Akacheka kidogo, kicheko cha puani. Akajifuta uso. Akatia mikono mfukoni, na safari hii sikusema neno. Nilitamani gauni langu nalo lingekuwa na mifuko.

Akaanza kusema kwa sauti, kama anajisimulia. Ubao mmoja mrefu ukiubana juu na chini utapinda katikati, kama mzee aliyebebeshwa. Mbili zikifungwa pamoja, zinashikana, hazipindi upesi. Urefu haufiki darini, kwa hiyo tunahitaji kitu cha kukalia chini. Akakitazama kinu. Mimi nikakitazama kinu. Tukakipindua, kikakaa kifudifudi karibu na mlango, kitako juu, bapa kama meza. Tukasimamisha mbavu mbili za kitanda juu yake, zimelaliana. Tukaweka ubao wa kichwani wa kitanda chini ya dari, mzigo upate pa kutandaa. Akabakiza uwazi mwembamba kati ya mbao na kinu.

"Kamba, Bibi. Tuna kamba?"

Hatukuwa na kamba. Kamba zote Kifua alizipeleka juu za kutuvutia.

Mjukuu akanitazama kitenge. Nikamtazama yeye. Nikafungua. Akakisokota, akafunga mbavu upande wa chini, akakaza kwa mguu. "Cha juu," akasema. Nikatoa cha kichwani. "Katikati pia, Bibi. Katikati ndipo zinapopindia." Nikamwuliza kama anajua anachokiomba. Akasema anajua, na shati lake ni jembamba, litakatika. Basi nikavua gauni. Hivi ndivyo nilivyokuja kuwa mkweli, nimebaki na sidiria ya zamani, sketi ya ndani, na kofia ngumu. Akanivika kizibao chake cha njano. Kikanifika hapa, chini kidogo ya kitovu.

"Sasa nahitaji kabari," akasema. Kabari zile za mbao, nene huku, nyembamba huku, za kubania. Akaenda dirishani akaita kwa sauti ya chini, "Fundi. Fundi, uko?"

"Nipo," Fundi akajibu kutoka uani. Alikuwa karibu sana.

"Njoo dirishani."

"Siwezi. Mama yuko uchi."

"Njoo kinyumenyume."

Akaja, mgongo mbele. Nilikiona kisogo chake kinasogea kwenye nondo, masikio yamesimama kwa aibu. Mjukuu akamweleza vipimo vya kabari. Sikusikia hata lawama moja, wala Fundi hakujitetea. Akaenda, tukasikia panga linachonga ubao, akarudi kinyumenyume tena, akazipitisha juu ya bega, zikaingia kati ya nondo kama barua. Ya kwanza ilikuwa nene. Mjukuu akamrudishia, "Punguza kidogo, fundi wangu, nataka ziingie kwa kusukumwa, sio kwa kupigwa." Akapunguza.

Mjukuu akapiga magoti kwenye kinu. Akaingiza kabari moja huku na nyingine kule, zinatazamana, akawa anazigonga kwa soli ya kiatu alichokivua. Huku kidogo. Kule kidogo. Anasimama, anaangalia juu. Anagonga tena. Nikamwambia, si upige sana imalizike? Akasema, "Tukiinua nyumba tutaivunja. Nataka kuipokea tu. Kama unampokea mtu mtoto aliyelala."

Na huku tunaongea, mlango ulikuwa unalia. Fremu ilipasuka tena. Kipande cha linta kikateleza, kikakwama. Nikaona dari inashuka, naapa niliiona, upana wa kucha. Nikataka kukimbilia kona, lakini kona zote zilikuwa zile zile za stoo, hakuna iliyokuwa na mlango. Mjukuu hakuinua kichwa. Huku kidogo. Kule kidogo. Midomo yake ilikuwa inatembea na macho yako palepale, na mimi nikashika kizibao kwa mikono miwili, kwa kuwa sikuwa na mfuko.

Mara kitanda kikalia.

Kwiii. Mlio mrefu, wa mti kwa mti, mpaka kwenye meno. Sauti ile naijua, nimelala nayo miaka. Mjukuu akaganda na kiatu hewani, akanitazama, uso umemwisha damu.

"Usinitazame mimi," nikamwambia. "Hivyo ndivyo kinavyolia. Na hakijawahi kuvunjika."

Akaangusha kiatu. Akaanza kucheka, na mimi nikacheka, tukacheka bila sauti, tumeshikana mabega kwenye vumbi, huku nyumba imekaa juu ya kitanda cha mume wetu. Nje Fundi akauliza kisogo kikitetemeka, "Mmeumia?" Tukazidi kucheka.

Tulipotulia, mjukuu akaenda kutazama juu ya mlango. Lile vumbi jembamba lilikuwa limekauka. Akasubiri. Akasubiri tena, mikono mfukoni. Halikuanguka tena.

"Sasa msumeno," akasema.

Fundi alikata nondo uso umegeukia upande mwingine, anapapasa kama kipofu, akajikata kidole na hakulalamika. Nilimwonea huruma. Nondo zangu za kumzuia paka zilikataa kutoka, moja baada ya moja. Ya mwisho ilipoinama, hewa ya uani iliingia. Ilikuwa inanuka bomba la maji machafu la jirani. Sijawahi kunusa kitu kizuri hivyo.

"Bibi, tangulia."

"Mimi mnene. Nikikwama utabaki ndani."

"Ndiyo maana utangulie. Nikusukume."

Alinisukuma. Nilikwama kidogo, sitasema wapi. Kisha nikatoka, nikatua kwenye mchanga wa matofali kwa magoti, kofia imeniziba macho, kizibao kinawaka jua. Nikaiinua kofia.

Wanaume wa mtaa mzima walikuwa wamepangana uani, paji la uso kwenye ukuta wa jirani, kama watoto waliopewa adhabu. Katikati yao kulikuwa na mgongo mpana ninaoujua. Jirani mmoja mwanamke alikuja mbio akanitupia shuka, akaniambia sikioni, "Dada, hiyo rangi imekupenda." Nilikaa pale pale chini mpaka miguu ya mke mwenzangu ilipotokeza dirishani, kiatu kimoja tu, kingine kimebaki kwenye kinu. Ndipo kibofu changu kikanikumbusha ahadi yetu.

Kifua aligeuka wa mwisho. Alikuwa analia, kifua chote kimeingia ndani. Mjukuu alimwambia maneno machache tu. "Mjomba, hakuna anayepanda juu. Hakuna anayegusa mlango. Fundi aende akaazime nguzo za chuma." Safari hii Kifua alisema sawa mara moja.

Nguzo za chuma zilikuja, na baadaye boriti mpya, na ukuta ukarudi. Duka halikuwepo. Siku ya kukitoa kitanda mle stoo nilikuwepo, nimevaa gauni jipya lililoshonwa kwa maelekezo yangu, lina mifuko miwili. Mjukuu aliziondoa kabari kama alivyozitia, huku kidogo, kule kidogo. Ubao wa kichwani ulikuwa umebonyea mahali dari ilipoukalia, shimo la kuingia kiganja. Fundi alitaka kulipiga randa. Mjukuu akamkatalia, akakipeleka kwake hivyo hivyo, na kila mgeni anapokuja, mume wake mpya anauliza tena shimo lile lilitoka wapi.

Kifua bado hanitazami usoni vizuri. Juzi alikuja kukaa nami barazani, akazunguka maneno, bei ya saruji, mvua, goti lake. Mwisho akainama.

"Mama. Siku ile… ulikuwa uchi kweli?"

Nikatia mikono mfukoni, nikamtazama.